Sketi ya Mzee Gaudensi

Simu ya Prisca ilinikuta soko la Mwanjelwa nimeinama juu ya ndoo ya viazi, nikimweleza mama muuzaji kwamba viazi vyake vimepangwa kwa ufundi wa kuacha mashimo katikati, na kwamba akiitikisa ndoo kidogo tu sote tutaona kitu. "Shangazi Zubeda," Prisca akasema, "baba ametutoka." Nikasimama wima. Nikampa pole, kama anavyofanya mtu aliyelelewa, nikauliza alikuwa anaumwa nini, nikauliza mazishi lini, halafu nikamwomba anirudie tangu mwanzo, maana habari ya namna hiyo mimi huipokea mara mbili ndipo naiamini. Mzee Gaudensi, mhariri wa lile jarida la utalii la Iringa, alikuwa amekufa kweli. Mama wa viazi aliutazama uso wangu, akaitikisa ndoo mwenyewe na kuongeza viazi vitatu juu bila kuombwa. Alidhani ni majonzi. Sikumsahihisha, viazi nilivihitaji.

Prisca alikuwa bado yupo kwenye simu. Familia ilikuwa inaomba mimi nisome wasifu wa marehemu siku ya mazishi, kwa sababu nina sauti inayosikika na kwa sababu, akasema kwa upole, nilikuwa msaidizi wa baba. "Msaidizi," nikasema. "Eeh, shangazi. Baba alikuwa anakuita hivyo siku zote. Zubeda, yule msaidizi wangu wa Mbeya." Nikamwambia nitakuja kwa basi la kwanza. Akalia kwa kunishukuru, na mimi nikakata simu nikiwa na furaha ambayo si ya kuonyesha sokoni.

Watu wakisikia kwamba nina kisa na mzee yule huuliza kwanza alinidhulumu shilingi ngapi, na wanaonifahamu huuliza wakitabasamu, wakijua mtu wa kunidhulumu mimi shilingi bado hajazaliwa. Hakunidhulumu hata senti. Alinilipa kwa wakati, nauli aliirudisha, na Krismasi alinitumia mchele wa Mbarali ingawa alijua mimi hufunga Ramadhani. Alichonidhulumu ni kitu kingine, na ili kieleweke lazima nirudi kwenye mwaka ule mmoja niliokaa chumba cha kupanga Ilomba, hapo Mbeya, na kuandika habari za kutembea milimani.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na meza niliyoiunda kwa kreti za soda na ubao. Viatu vyangu vya milimani, mtumba imara wa Kijerumani, nilivianika juu ya matofali karibu na jiko la mkaa la mwenye nyumba, Mama Tumaini. Yeye alipika mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zilizochemka na maharage mpaka zikashikana, na kila niliporudi kutoka mlimani nilikuta bakuli limefunikwa kwa sahani mlangoni pangu. Alinipenda, ila kazi yangu hakuielewa. Nikiwa naandika nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiongea na jirani yake. "Leo tena kaenda Loleza." "Kufuata nini?" "Hafuati kitu. Kuni haleti, uyoga haleti. Anapanda, anatazama, anashuka." "Kwani ana tatizo gani?" "Hana tatizo, anaandika." Jirani akasema kwa huruma ya kweli, "Mungu atamsaidia, ataolewa tu."

Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, maana yake naandika leo na kesho najitegemea. Kila mwezi niliandika safari moja ya miguu: Loleza juu ya mji, ziwa la Ngozi ndani ya msitu wake, Daraja la Mungu pale Kiwira, maua ya Kitulo wakati wa mvua. Sikuandika kwa kilomita, kwa sababu mtu aliyechoka hana habari na kilomita. Niliandika kwamba ukivuka shamba la pareto utasikia mbwa wawili, wa kwanza anabweka tu, wa pili muombe mwenyewe amfunge. Niliandika mahali nilipoteleza, mahali upupu uliponiwasha vigimbi vya miguu, mahali nilipokaa nikala parachichi na chumvi nikitazama mawingu chini yangu. Kila neno nilikuwa nimelitembea. Stesheneri ya Mwanjelwa walinichapia kurasa tano au sita, nikaziweka kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la Iringa. Mzee Gaudensi alinijibu kwa simu: "Vizuri sana, binti yangu. Endelea kutembea."

Magazeti ya Iringa yalichelewa kufika kwetu, na jarida lile lilikaa zaidi hotelini na kwenye ofisi za mabasi. Nilikuwa nimeshaandika safari nne ndipo nikaliona kwa macho yangu, kwenye benchi la ofisi ya tiketi, abiria mmoja akijipepea nalo. Nikamwomba. Nikafungua na kuikuta safari yangu ya Ngozi, na juu yake picha ya Mzee Gaudensi amevaa kofia pana, ameshika mkongojo, mguu mmoja juu ya jiwe. Jiwe lenyewe nalijua, ni Gangilonga, lipo hapo hapo mjini Iringa, maharusi hulipanda na viatu vya visigino kwenda kupiga picha. Chini ya picha kulikuwa na jina lake. Langu nikalitafuta mwanzo, nikalitafuta mwisho, nikalitafuta hata kwenye matangazo ya magodoro. Mbwa wa pareto walikuwa wamembwekea yeye. Upupu ulikuwa umemwasha yeye. Palipoandikwa kwamba sketi yangu ilinaswa na miiba, alikuwa ameibadilisha kuwa suruali, na hayo ndiyo mabadiliko pekee aliyoyafanya katika ukurasa wa kwanza. Nikaendelea kusoma kwa hasira, na kule ukurasa wa nne nikakutana na Mzee Gaudensi ameketi kando ya ziwa Ngozi, juani, akikausha sketi yake.

Nilicheka peke yangu mpaka abiria akataka jarida lake. Baadaye ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekishika mkononi. Mzee yule hakuwa anasoma mpaka mwisho. Ukurasa wa kwanza aliugusa kwa kalamu ili aonekane mhariri, na zilizobaki zilikwenda moja kwa moja kwa binti wa kupanga kurasa, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga anachopewa. Nikaiweka habari hiyo akiba. Sikuitumia kwanza, kwa kuwa mimi huanza kwa kuomba bei ya kistaarabu.

Nikapanda basi mpaka Iringa. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na ngazi yote ilinukia majora mapya na binzari ya chakula chao cha mchana. Nilifika saa ya kula. "Kamwene, mgeni wetu!" akaniita kwa salamu ya Kihehe, nami nikaitikia na kumwamkia shikamoo. Mke wake, Mama Prisca, alikuwa ameleta ugali na kuku wa kienyeji kwenye mabakuli ya bati, na Prisca mwenyewe, mtoto bado, alikaa chini akichora. Mzee alinipakulia paja na kipapatio. Mkono wake ulikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa kile nilichokijia.

Nikanawa, nikamwekea jarida mezani. "Mzee, jina langu halipo."

"Jina lako?" Akalitazama jarida kama anayelionea huruma. "Binti yangu, msomaji akiona Zubeda wa Ilomba anamwambia apite wapi, atapita? Hatapita. Anataka mtu mzima, mwenye kofia. Wewe ni miguu, mimi ni jina. Tunahitajiana."

"Basi weka majina mawili."

"Yatabanana."

"Weka langu chini, kwa herufi ndogo."

"Nafasi ya chini imekodishwa na watu wa magodoro."

"Weka herufi moja. Z."

Akacheka, Mama Prisca hakucheka. "Nitakuongezea malipo," akasema. Nikakataa, na kwa anayenijua hilo peke yake ni tukio la kukumbukwa. Nikaaga. Nilikuwa nimefika katikati ya ngazi nilipomsikia Mama Prisca akimwambia, "Baba Prisca, mpe tu mtoto wa watu jina lake," naye akijibu huku anatafuna, "Atarudi huyo. Miguu bila jina itaenda wapi?"

Nimezeeka sasa, nimeandika vitabu vyangu vinne vya njia za milimani, na bado nikipanda ngazi yoyote yenye harufu ya binzari naisikia ile sauti na kule kutafuna. Wapo watu wanaosema chuki humla anayeibeba. Mimi imenilisha. Siku nilizochoka, siku za mvua ya masika kwenye milima ya Uporoto ambapo mtu mwenye akili angegeuka, niliendelea kupanda kwa sababu ya mzee mmoja na pande lake la kuku.

Nilirudi kweli, kama alivyosema. Nikampigia simu nikamwambia nimekubali, nitakuwa miguu, na mwezi unaofuata nitamwandikia Mlima Rungwe. Alifurahi. Nikaupanda Rungwe mara mbili ili nisikosee popote, nikauandika kuliko nilivyowahi kuandika chochote: mashamba ya viazi pale Isongole, msitu, mti mkubwa ulioanguka ukawa daraja, kisha ukanda wa mianzi ambamo njia inagawanyika mbili na ukungu unashuka bila kuaga. Ya kushoto hutumiwa na wakata mianzi, inakwenda mbali kidogo na kufa. Ya kulia inafika kileleni. Kwenye makala sikuitaja njia panda ile hata kidogo. Ukurasa wa kwanza niliupamba kwa makosa madogo ya kuchekesha, ili kalamu yake ipate kazi. Na mwisho kabisa wa ukurasa wa sita nikaweka aya hii, kwa sauti yake ya mtu mzima: kwamba mwandishi, kwa upendo alionao kwa wasomaji, atawaongoza yeye mwenyewe kupanda Rungwe, bila malipo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, wakutane Isongole alfajiri.

Ilitoka kama ilivyo. Simu yake ilinifikia siku ya tatu kupitia kwa Mama Tumaini, kwa kuwa simu ya nyumba ilikuwa ya kwake, naye akasimama hapo hapo asikilize vizuri.

"Zubeda, umenifanyia nini? Watu wanapiga ofisini. Meneja wa hoteli, yule mwenye tangazo la ukurasa mzima, anakuja na wageni wake!"

"Mzee, si ulisema wewe ni jina? Ndiyo hivyo, jina limealikwa."

Akashusha sauti: "Utakuja, eeh? Utatembea mbele, mimi nitakuwa nasemasema."

"Nitakuja," nikasema. "Nitatembea nyuma."

Nilipoweka simu Mama Tumaini akaniuliza, "Amekukosea?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na chupa kubwa ya chai na magimbi ya kuchemsha yamefungwa kwenye jani la mgomba. "Basi ule vizuri njiani," akasema.

Baridi ya Isongole asubuhi ile ilikuwa ya kung'ata masikio. Walikuja watu ishirini na wawili, niliwahesabu mara mbili: meneja wa hoteli na wageni wake, watumishi wa ofisi na makoti yao, walimu kutoka Iringa. Mwalimu mmoja, Atupele, mwanamke mrefu mwenye fimbo ya kutembelea, alikuwa na jarida mkononi lililokunjwakunjwa kwa kusomwa. Mzee Gaudensi alishuka kwenye gari na kofia yake ya pichani, na miguuni viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi mpaka ukaona mawingu ndani yake. Akanitafuta kwa macho. Nikajifungia ushungi vizuri, nikasimama mwisho wa mstari.

Mpaka msituni alijikokota vizuri, lazima nikubali. Tatizo lake lilikuwa Mwalimu Atupele, aliyekuwa ameikariri makala yote. "Mzee, hapa ndipo ulipokutana na mzee wa asali?" "Ndipo." "Lakini uliandika ni baada ya mti ulioanguka." "Ndiyo, alihama." Watu wakacheka wakidhani ni utani. Nyuma kule mimi nilikula gimbi langu taratibu. Sijawahi kula gimbi tamu kama lile.

Kwenye mianzi ukungu ukashuka, kama nilivyojua utashuka. Mzee akafika njia panda na kusimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuchomeka tu. Kisha akarudi nyuma mpaka niliposimama, akinifunika kwa mgongo wake wasinione.

"Ni ipi?" akanong'ona.

"Ipi nini, mzee?"

"Zubeda, usinifanyie hivi mbele ya watu. Toleo lijalo naweka jina lako."

"Wapi?"

"Mwishoni."

"Mwishoni wewe mwenyewe husomi."

Akafumba macho. Nadhani hapo ndipo alipoelewa aya ile ilipita wapi. "Basi mwanzoni. Yote mawili, langu na lako."

"Karatasi siitaki tena. Nataka hapa, kwa sauti, hawa watu wasikie. Njia hii aliipita Zubeda. Maneno manne tu, mzee, na nakupa mlima mzima."

Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijawahi kutoa bei nzuri namna ile. Akaugeukia umati. Aliufungua mdomo, nikauona umefunguka, na kwa sekunde ile nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu, mbwa, upupu na sketi. Meneja wa hoteli akakohoa. Mzee Gaudensi akashika goti.

"Jamani, goti langu," akasema kwa sauti. "Jeraha la zamani la milimani. Endeleeni na huyu binti, msaidizi wangu. Njia anaifahamu kidogo."

Kidogo. Alikuwa na nafasi ya maneno manne, akachagua hilo. Akakaa juu ya gogo pamoja na dereva wake, nami nikapita mbele, nikashika ya kulia bila kugeuka, na watu wote wakanifuata. Kileleni ukungu ulifunguka, tukaona ziwa Nyasa kama kipande cha bati kilichoachwa juani. Mwalimu Atupele alikaa kando yangu akipumua, akanitazama usoni, kisha akaitazama sketi yangu, ambayo nilikuwa nimeitandaza juu ya magoti ili ikauke.

"We dada," akasema polepole. "Ile sketi ya Ngozi. Mimi nilifikiri wachapaji wamekosea."

"Hawakukosea," nikasema.

Akacheka mpaka akalala chali kwenye majani, wengine wakauliza kuna nini, akawaambia yeye, mimi sikuongeza neno. Tuliposhuka niliwahesabu tena mara mbili, wote walikuwepo. Njia panda hapakuwa na mtu. Dereva alikuwa amemrudisha Iringa.

Nilidhani imekwisha. Toleo lililofuata lilikuwa na makala ambayo kwa mara ya kwanza aliiandika mwenyewe, na ilikuwa mbaya kama inavyostahili kuwa makala ya mtu asiyekwenda. Ilisema jinsi alivyowafikisha wasomaji wake kileleni Rungwe, jinsi upepo ulivyompeperushia kofia. Mwalimu Atupele alipeleka barua ya kupinga, hawakuichapa. Kwa hiyo watu ishirini na wawili waliujua ukweli, na mikoa miwili iliujua uongo. Niliacha kumwandikia. Tangu hapo kila nilichoandika nimekianza na jina langu, hata kabla sijajua kinahusu nini.

Iringa niliikuta na upepo wake. Uwanjani kwa marehemu turubai lilikuwa linapigapiga, na Mama Prisca, mzee sasa, alinishika mkono muda mrefu. Prisca alinipa wasifu, kurasa mbili zilizoandikwa na kamati ya familia. Nikausoma kwanza kimya pembeni ya masufuria, nikarudia. Kuzaliwa, shule, ndoa, jarida. Na katikati ya ukurasa wa pili: *Marehemu alikuwa mpenda milima. Aliongoza wasomaji wake kupanda Mlima Rungwe hadi kileleni.* Watu hunishauri kwamba aliyekufa hasemwi. Mimi sikuitwa kumsema, niliitwa kumsomea.

Nikasimama mbele ya jeneza. Nilisoma kuzaliwa kwake kwa sauti nzuri. Nilisoma shule, nikasoma ndoa, nikasoma jarida na sifa zake zote bila kupunguza hata moja. Nikafika katikati ya ukurasa wa pili.

"Marehemu alikuwa mpenda milima," nikasoma. "Aliongoza wasomaji wake kupanda Mlima Rungwe hadi njia panda."

Prisca akainua kichwa. Mama Prisca hakuinua chake, ila niliona mabega yake yakitikisika, na sikujua ni kilio au ni kitu kingine. Padri akageuza kurasa za kitabu chake. Kule nyuma, kwenye viti vya mwisho, mwanamke mmoja mzee mwenye fimbo akasema kwa sauti ya darasani, "Kweli kabisa."

Nikairudia sentensi ile mara ya pili, taratibu, kila mtu asikie. Halafu nikaendelea na idadi ya watoto na wajukuu.